Sahani ya Mikono Miwili

Bi Majani alianza kugombana na kasri tangu mlangoni. Alitaka kujua kwa nini ngazi za matajiri lazima ziwe nyingi hivyo, au waliojenga walidhani hawatazeeka? Mkaza mwana wake akamshika kiwiko, akacheka. "Pole pole, Mama. Sahani hazina miguu, hazitakukimbia."

"Zinavunjika. Ndiyo miguu yake hiyo."

Jina la Bi Majani alilipata katika kiwanda cha vyombo vya udongo. Tangu usichana wake hadi mvi, kazi yake ilikuwa kuchora majani kwenye ukingo wa sahani. Maua walichora wengine, tena kwa maringo. Yeye majani tu. Aliyemfundisha ni dada yake mkubwa, na benchi lao lilikuwa moja. Dada alikuwa mashoto. Mwanzoni viwiko viligongana, mmoja akipiga jani zuri mwenzake anaharibu, hadi msimamizi akaamua dada akae upande wa kushoto. Amani ikapatikana, kimya hakikupatikana. Dada alikuwa na mdomo. Msimamizi akipita, yeye humwigiza anavyokohoa kabla ya kukaripia, mpaka mdogo wake anaweka brashi chini kwa kicheko.

Kiwandani kulikuwa na sheria moja: sahani haibadilishi mkono. Udongo ambao haujaingia tanuri la mwisho hunywa rangi papo hapo, hakuna kufuta, na kila mtu ana uzito wake wa mkono. Aliyeanza ukingo ndiye anayeumaliza, hata chai ikipoa.

Sheria hiyo ilivunjwa mara moja. Kasri hili, enzi hizo likiwa na wenyewe, liliagiza sahani za karamu. Dada akiwa katikati ya ukingo wa sahani mojawapo akashikwa na maumivu makali ya tumbo. Akainuka, akamtilia mdogo wake brashi mkononi. "Imalizie, usiniaibishe," akasema, na gari la kiwanda likampeleka hospitali. Bi Majani akaimalizia huku anatetemeka. Dada hakurudi. Alizikwa siku ileile sahani zilipotoka tanurini.

Picha yake haikubaki hata moja. Nguo ziligawanywa, nyumba ya wazazi ikauzwa, kiwanda nacho kikafungwa, na waliomjua wakaondoka mmoja mmoja. Asiyekuwapo na lake halipo. Miaka ya karibuni hata uso wa dada ulianza kumponyoka Bi Majani. Alibaki na sauti, na zile kucha zisizotakata rangi ya buluu. Aliposikia kasri limekuwa jumba la makumbusho na vyombo vyake vimepangwa watu wavitazame, usingizi ukamruka. Kama ile sahani ilivunjika, basi dada amekwisha kabisa.

Ndani hakuwa na habari na viti vya dhahabu wala mitungi yenye kimo cha mtoto. Mbele ya birika la fedha alisimama, lakini ni kwa sababu alikuwa anahema. Alichotaka ni ukumbi wa kulia chakula, na humo, ndani ya kabati refu la kioo, sahani zilikuwa zimesimamishwa kwenye vishikizo vyake. Akavaa miwani.

"Hii yangu," alisema. "Ile ya yule mwenzetu mvivu. Tazama, majani yake yana njaa!"

Mkaza mwana alicheka, lakini mkwewe hakuwa akitania tena. Alikuwa ameganda mbele ya sahani ya pembeni. Upande wa juu majani yalitetemeka kidogo. Upande wa chini yalikuwa matulivu, na mikia yake ilitazama upande mwingine, kidogo sana, kama mtu anayeita kwa jicho.

"Huyu hapa," akasema.

"Nani, Mama?"

"Mama yako mkubwa."

Akalia, na wala hakujificha. Uso ulikuwa umemrudia: lile pengo la meno, lile jicho moja alilofumba kila rangi ilipohitaji uangalifu. Furaha ilimuuma kifuani. Alipapasa kioo jani baada ya jani, mpaka mlinzi wa ukumbi akasogea.

"Shikamoo, Bibi. Samahani, tunaomba kioo kisiguswe."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa namsalimu dada."

Akamweleza yote. Mlinzi akainama, akatazama muda mrefu, akakiri haoni tofauti yoyote.

"Ndivyo alivyotaka," Bi Majani alisema, na kwa mara ya kwanza akajisifu moyoni kwa kazi ile. Kisha akakunja uso. Vile vishikizo vilikuwa vimebana upande wa chini na kufunika majani mawili ya dada. "Hivi, hili kabati hufunguliwa?"

"Siku ya kupangusa vumbi. Ninapangusa mimi." Kijana alitazama sahani, kisha akamtazama bibi. "Sahani ni duara. Ikigeuzwa, sidhani kama kuna atakayelalamika. Unataka ikae vipi?"

"Majani yangu yashuke chini," alisema Bi Majani. "Dada awe juu. Mimi nimekuwa juu peke yangu muda mrefu mno."