Célestine na Waheshimiwa Arobaini na Mmoja wa Jina la Turner

Hana cheti. Hana picha ya siku ya kumaliza masomo, wala nguo nyeupe aliyovaa siku hiyo. Hana rejista yenye jina lake, maana chumba kilichohifadhi rejista kiliteketea na kila kilichokuwemo. Mkuu wa shule alishafariki, na wenzake kumi na mmoja wa darasani hajui hata mmoja aliko. Alichobaki nacho Célestine Nabintu, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mikono miwili inayokumbuka ilivyofundishwa.

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne moja ya Oktoba 2018, mikono hiyo iko kazini. Célestine ameketi kwenye cherehani yake, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu katikati ya Johannesburg. Chini yake wanauza mablanketi kwa jumla. Juu yake kuna kanisa, na kwaya imekwisha kuanza mazoezi. Anashona sare za wauguzi. Leo anamalizia tepe za begani, vile vitambaa vya rangi ya maruni ambavyo muuguzi wa Afrika Kusini huvaa mabegani ili kila mtu ajue kwamba amesajiliwa.

Hukata kwa mkono wa kulia, hupiga pasi kwa mkono wa kulia, hata chai hukoroga kwa mkono huohuo. Lakini ukifika wakati wa kufunga fundo, uzi huhamia kushoto. Vidole vinazunguka mara mbili, vinavuta, basi.

"Wateja huniuliza, Mama, wewe ni wa kushoto?" anasema bila kuinua macho. "Miye si wa kushoto. Mwalimu wangu ndiye alikuwa wa kushoto."

Mwalimu huyo aliitwa Mademoiselle Turner. Alikuwa muuguzi kutoka Amerika, mrefu, mkali kwa mambo ya usafi, na alifundisha katika hospitali ya misheni kwenye vilima vya Fizi, mashariki mwa Kongo. Wanafunzi walijifunza kushona vidonda kwa kushona magome ya migomba. Kwa kuwa yeye alifunga fundo kwa mkono wa kushoto, darasa zima likaiga, na hakuna aliyejua kwamba kuna namna nyingine.

"Tulishona mpaka shamba la misheni likaonekana kama wodi ya upasuaji," anakumbuka Célestine, na kicheko chake kinamfanya asimamishe cherehani.

Cheti chake kilitiwa saini Julai 1996. Oktoba vita vikafika. Mademoiselle Turner na wageni wenzake waliondolewa kwa ndege ndogo. Célestine aliondoka kwa miguu. Alivuka hadi Kigoma, akafanya kazi miaka minane katika zahanati ya kambi ya wakimbizi, ambako hakuna aliyemdai karatasi, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na mikono ilikuwa michache. Mwaka 2004 akaja Johannesburg na mumewe, Firmin, ambaye ni mlinzi wa jengo huko Turffontein. Hapa karatasi ilidaiwa.

Mwaka 2016 ofisi inayosajili wauguzi ilimpa jibu ambalo analikumbuka neno kwa neno. Kama cheti hakipo na shule haipo, alete barua ya kiapo kutoka kwa mtu aliyemfundisha na kumtahini. Akiileta, ataruhusiwa kufanya mtihani. Faili lake lingesubiri hadi mwisho wa Januari 2019, kisha lingefungwa.

Aliyemfundisha na kumtahini alikuwa mtu mmoja tu. Na Célestine hakulijua hata jina lake la kwanza. Nani angethubutu kumwuliza?

Fununu ililetwa na mchungaji mmoja aliyepita Johannesburg akitokea Bukavu. Alisema amesikia kwamba Mademoiselle Turner aliingia siasa huko kwao, akachaguliwa. Kuchaguliwa kuwa nani, na jimbo gani, mchungaji hakujua.

Hapo ndipo alipoingia Gaston, mzaliwa wa Lubumbashi mwenye duka la intaneti huko Troyeville. Papa Gaston alimwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa kiongozi wa Amerika hawezi kujificha. Alikaa Jumamosi mbili mbele ya kompyuta, akatoa orodha ya kurasa nne. Kumbe jina la Turner lilikuwa limejaa kila ofisi. Kulikuwa na meya Turner, jaji Turner, mkuu wa polisi wa wilaya Turner, madiwani, wahazini, wabunge wa majimbo wa chama hiki na cha kile, na mmoja ambaye kazi yake yote ya umma ilikuwa kukagua madaraja.

"Maman Célestine," Gaston alimtuliza, "kama si yeye, basi atakuwa anamjua. Hao Turner hawawezi kuwa wengi hivi bila kujuana."

Walijaribu kwanza kuandika kwa kompyuta. Tovuti za waheshimiwa ziliwauliza swali moja, moja baada ya nyingine: unaishi katika eneo langu la uchaguzi? Waliposema wanaishi Johannesburg, mlango ukafungwa. Ikabidi kurudi kwenye karatasi na kalamu.

Aliyegeuza maneno ya Célestine kuwa Kiingereza ni Mwatumu, Mtanzania mwenye meza ya vifungo na nyuzi ubavuni mwake. Aliolewa na Thabo, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni Morogoro, na alipomfuata huku akasoma Kiingereza madarasa ya jioni kwa miaka minne, akitoka kazini na kitabu kwapani. Ni mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa zaidi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba jaji mmoja wa kwenye orodha alifariki mwaka 1911, na bahasha yake ilikuwa imeshabandikwa stempu.

"Shoga yangu," alimwambia Célestine, "maliza kwanza Turner wa duniani, ndio uanze wa mbinguni."

Baada ya kufuta marehemu wakabaki arobaini na mmoja. Jozi ya tepe za begani humwingizia Célestine randi kumi na tano. Jozi moja ya kila siku ilikuwa ya Waturner, na Firmin hakuwahi kulalamika. Barua ziliondoka tatu au nne kila mwezi kwa mwaka mzima.

Majibu yalikuja tisa. Jaji mmoja alieleza kwa kurasa mbili kwa nini sheria haimruhusu kusema lolote. Diwani mmoja wa Georgia aliandika kwamba hajawahi kutoka jimboni kwake, ila darasa lake la Jumapili litamwombea. Meya mmoja alituma picha yake yenye saini, amemkumbatia mbwa. Picha hiyo ipo ukutani juu ya cherehani, na wateja huuliza huyo mzungu ni nani.

"Ni Turner," Célestine huwajibu kwa upole, "lakini si wangu."

Kilichogeuza mambo ni barua ya Juni mwaka huu, iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka. Mwandishi alikuwa mzee wa miaka sabini na tisa, mhazini wa mji mdogo wa Kansas. Alisema hana dada wala binamu aliyefika Kongo, lakini alikuwa na swali moja. Huyo binti Turner, baada ya kurudi, aliolewa? Kwa maana kwao, aliandika, mwanamke akiolewa mara nyingi huchukua jina la mumewe.

Mwatumu alisoma mpaka hapo kwa sauti, akaurudia mstari huo tangu mwanzo.

Kwao Célestine, mwanamke hulala na jina lake na kuamka nalo, aolewe asiolewe. Watoto humwita Mama fulani, mtaa humwita mke wa fulani, lakini karatasi zake hazibadiliki. Yeye mwenyewe amekaa na Firmin miaka ishirini na mmoja na bado ni Nabintu. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba mtu angeweza kuliacha jina lake mlangoni pa mwanamume kama jozi ya viatu.

Mwatumu ndiye aliyekuwa na aibu kubwa zaidi. Alifungua pochi, akatoa kitambulisho chake cha Afrika Kusini, akakiweka mezani. Kiliandikwa Mwatumu Mokoena, jina la ukoo wa Thabo.

"Miaka ishirini serikali inaniita Mokoena," alisema, "na mie nimekaa hapa nakuandikia barua arobaini na moja. Nipige kofi, mwenzangu."

Célestine hakumpiga kofi. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha, Mwatumu anasema, akalia kidogo.

Walimjibu mzee wa Kansas na kumtajia kanisa lililoendesha hospitali ile. Mzee akawaandikia watunza kumbukumbu wa kanisa hilo, na wiki iliyopita jibu likafika. Muuguzi Turner alikuwa mmoja tu. Jina lake la kwanza ni Ruth. Mwaka 1998 aliolewa na mkulima mjane wa Nebraska, akawa Ruth Lindgren, na kwa jina hilo alichaguliwa mara mbili kuingia bodi ya afya ya wilaya yake. Mchungaji wa Bukavu hakukosea. Yuko hai, na anwani hii hapa.

Lakini mzee aliongeza onyo. Mama Lindgren sasa ana miaka sabini na minne na macho yake yamefifia sana. Hatumii kompyuta. Watu wasiojulikana humwandikia wakidai kumfahamu, wakitaka pesa, na mtoto wa mumewe anayemsomea barua hutupa nyingi kabla hajazisoma hadi mwisho. Barua ya Célestine ingekuwa moja tu kati ya hizo. Januari iko karibu, na nafasi ya kuandika mara ya pili haipo.

Jumanne hii, basi, Mwatumu ameandika ukurasa mmoja, mfupi. Hakuna ombi la pesa. Kuna jina la Célestine, mwaka, hospitali, na wanachohitaji: barua ya kiapo. Mstari wa mwisho unamwomba anayesoma asimame hapo na kumkabidhi Mama kitambaa kilichomo, mkononi.

Célestine anachukua kipande cha kitambaa cha maruni kilichobaki kwenye tepe za leo. Anakipasua katikati kwa mkasi, inchi mbili, kama kidonda. Halafu anaanza kukishona kwa uzi mweusi, mshono mmoja mmoja, kila mshono na fundo lake. Vidole vya kushoto vinazunguka mara mbili, vinavuta. Mafundo saba, yamejipanga upande mmoja.

Mwatumu anamwuliza kama ana hakika kwamba mama wa watu atakumbuka.

"Alikuwa anafumba macho," anajibu Célestine. "Siku ya mtihani hakuangalia kazi yetu. Alifumba macho akapitisha kidole juu ya mafundo, akasema huyu amefaulu, huyu arudie. Miye alinipitisha mara moja."

Anapanga akipata usajili aombe kazi katika wodi ya wazazi, popote watakapomtaka. Jozi moja ya tepe za begani ameishona tayari na kuiweka kwenye droo ya cherehani. Haiuzwi.

Anakunja karatasi, anakiweka kitambaa ndani ya mkunjo, anaingiza vyote kwenye bahasha. Anapitisha gundi, anabonyeza ukingo kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayefunga jeraha. Kisha anaandika, kwa herufi kubwa za mwanafunzi mzuri: RUTH LINDGREN. Chini yake, kwa herufi ndogo, anaongeza: Mademoiselle Turner.

Wanafunga meza zote mbili, wanateremka ngazi, wanavuka barabara kwenye roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku. Posta ina foleni ya watu sita. Célestine anaisubiri amesimama wima, bahasha ameishika kwa mikono miwili. Karani anapiga mhuri na kuitupia kwenye mfuko nyuma yake.