Kamera ya Mwalimu wa Mghange

Wateja walianza kunirudishia picha. Mama mmoja aliweka picha ya mahafali ya binti yake juu ya kaunta ya studio yangu hapa Voi, akaniuliza kwa upole, "Mbona sura ya mtoto wangu ni kama iko nyuma ya moshi?" Nikamjibu kwamba kamera imezeeka, na niliamini hivyo. Mimi huzungusha lenzi kwa mkono mpaka sura ikae sawa, nilivyofundishwa siku za filamu. Kwa zaidi ya miaka ishirini mkono huo haukuwahi kuniangusha.

Nikaanza kutafuta kamera nyingine. Kamera mpya, hizi nyepesi zisizo na kioo ndani, zilikuwa nje ya uwezo wangu. Ndipo nikasikia kuna mwalimu mstaafu kule Mghange, juu milimani, anayeuza fulu-fremu ya zamani, yaani kamera ambayo sensa yake, kile kibamba kinachopokea picha, ni pana kama kipande cha filamu. Picha zake huvumilia giza la kanisani na huchapishika kubwa bila kuharibika. Swali lilikuwa moja tu: je, bado ina maisha?

Nilipanda na pikipiki yangu asubuhi ya Jumamosi, lenzi yangu mwenyewe ikiwa ndani ya mkoba. Mwalimu alinipokea kibarazani akiwa na sweta nzito na gambuti, maharagwe yakiwa yameanikwa kwenye turubai nyuma yake. Alikuwa akipiga picha za ndege na maua ya msituni, akaniambia, lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa na kamera ile ni nzito.

"Ikague utakavyo," alisema. "Mimi sifichi kitu."

Niliikagua. Mpira wa mshikio ulikuwa umeanza kubanduka. Mlango wa betri ulifunga vizuri. Shata, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, ilifyatuka kwa mlio mzito, ule ule, mara ishirini mfululizo. Niliinua kioo cha ndani nikaimulika sensa, nikaona vumbi kidogo tu la kufutika. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuipenda.

Kisha nikaiweka jichoni na kuyaelekezea maharagwe. Niliona ukungu. Nikazungusha lenzi kwenda na kurudi, ukungu haukutoka.

"Mwalimu, lenzi hii imeingia kuvu."

"Kuvu? Lenzi yangu?" Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyemjibu vibaya. "Naiweka kwenye kopo la mchele mkavu miaka yote. Hebu weka yako."

Nikaweka yangu. Ukungu ule ule. Nikageuza kigurudumu kidogo kando ya tundu la kuchungulia, kile cha kurekebishia macho, nikakigeuza mpaka mwisho wake. Hakuna kilichobadilika. Nikajikaza na kusema labda tatizo liko kwenye tundu lenyewe.

Mwalimu hakubishana. Alichukua kamera, akaiacha ijilenge yenyewe, akapiga yale maharagwe. Akaingia ndani na kadi, akarudi na kompyuta yake na kuiweka mapajani mwangu. Kila punje ilionekana. Niliona mikunjo ya ganda na nyuzi za turubai, hata sisimizi mmoja na miguu yake.

"Kamera yangu haina kuvu," alisema. Halafu sauti yake ikapungua. "Wewe huchungulia kwa jicho gani?"

"La kulia."

"Funika la kushoto."

Nikalifunika kwa kiganja.

"Nimeinua vidole vingapi?"

Niliona rangi ya sweta na umbo la mtu aliyesimama. Nilijua ameinua mkono kwa sababu aliniambia. Vidole sikuviona kabisa.

"Viwili," nilibahatisha.

"Ni vinne, baba," alisema, na hilo neno baba ndilo lililonitisha zaidi, kwa vile mpaka dakika ile alikuwa amenisemesha kama mtoto wa shule.

Alitaka nilale kwao, nikakataa. Nilitaka kukimbia. Lakini safari ya kushuka ilikuwa mbele yangu, na kila kona niliyoizoea miaka yote ilikuwa ngeni. Tangu lini nilikuwa naendesha kwa jicho moja? Lile zima lilikuwa limenifichia lile bovu, nami nilikuwa nimebeba abiria, nimembeba mke wangu. Chini ya Wundanyi lori la kabichi lilitokeza upande wangu wa kulia. Nililisikia kabla ya kuliona. Nikatupa pikipiki kwenye majani, nikakaa chini, kofia ikiwa bado kichwani.

Pale chini nilifikiri mambo ya kipumbavu. Nilifikiri nitakuwa mtu wa kushikwa mkono kuvuka barabara. Baba yangu alikuwa mtu wa reli aliyeletwa na kazi kutoka magharibi ya nchi, akatuachia nyumba tu. Shamba sina, na kazi nyingine sijui. Najua kutazama. Nikaanza kufunika jicho moja kisha jingine, nikiangalia mlima ukiwepo, ukipotea, ukiwepo, mpaka nikajilazimisha kuacha.

Siku tatu sikumwambia mke wangu. Ya nne alinikuta mbele ya kioo nikiwa nimejifunika upande mmoja wa uso.

"Unafanya nini?"

"Sioni," nilisema. Nilikuwa nimepanga kueleza polepole, lakini ndivyo lilivyotoka.

Hakulia. Alichukua ufunguo wa pikipiki ukutani, akautia mfukoni mwake. "Kesho tunaenda kwa daktari wa macho."

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. Alinitia dawa, akapima presha ya macho, akamulika kwa muda mrefu, nami nikawa namsikia mke wangu akipumua nyuma yangu. Mwishowe akasema ni mtoto wa jicho, amekomaa. Anatolewa. Hofu ilinirudia upya nilipouliza kama nitalazwa usingizi, akasema hapana, nitakuwa macho.

Siku ya upasuaji niliomba kwa sauti bila aibu. Sikusikia maumivu, ila niliona mwanga ukisogea kama kitu kinachotembea juu ya maji, na mtu aliyekuwa akinishika bega akaniambia mara mbili nisikaze taya. Kesho yake walipotoa bandeji niliogopa kufungua. Mke wangu aliniita kwa jina langu la nyumbani. Nikafungua, nikamwona, pamoja na mvi ambazo sikujua ameziota.

Daktari aliponiruhusu, tulirudi Mghange kwa gari la kukodi. Mwalimu alikuwa amewakataa wanunuzi wawili.

"Sasa niambie," alisema, akinipa kamera. "Ni ya kununua au si ya kununua?"

Niliichungulia kwa dakika nzima. Nikamwambia ukweli: mpira unabanduka, betri zake zitakuwa ngumu kupatikana, shata inaweza kufa mwaka huu au baada ya miaka kumi, na hakuna anayeweza kuapa ni lini. Kwa harusi ningeibeba pamoja na ile yangu ya zamani, ambayo kumbe haikuwa na kosa, isije hii ikafa katikati ya sherehe. Lakini kwa picha za watu studioni, ni ya kununua.

Niliinunua. Jicho la kushoto nalo limeanza, daktari ameshaniambia, na bado hatujapanga siku. Yule mama wa mahafali nilimtafuta, nikamwomba amlete tena binti yake na joho lake. Walikuja Jumanne. Nilimweka karibu na dirisha, nikazungusha lenzi kwa mkono, kisha nikamwomba mama yake aje atazame kioo cha nyuma ya kamera kabla sijamwamini mtu yeyote, mimi mwenyewe nikiwemo.

"Ndiye huyu," alisema.