Friza Ilipozimika

Ijumaa moja nilipita chuo kikuu hapa Toronto kumchukua mpwa wangu, anayesomea shahada ya uzamivu ya biokemia, twende harusini mtaa wa Thorncliffe Park. Nilimkuta kwenye korido, gauni la kwendea harusini chini ya koti jeupe la maabara, machozi yakimlengalenga.

“Mjomba, friza imezimika. Protini zikiyeyuka, kazi yangu ya miaka minne imekwisha.”

Mlango wa pili ukafunguliwa. Akatoka profesa mwenye mvi ambaye, nilikwisha kusikia, haivi chungu kimoja na profesa wa mpwa wangu. Aliitazama friza, akarudi kwake, akaanza kutoa sampuli zake kwenye friza yake na kuzitia kwenye ndoo za barafu.

“Leteni zenu humu,” alisema. “Zangu naweza kuzitengeneza upya.”

Wanafunzi wa maabara zote mbili wakapanga mstari, wakipokezana visanduku. Profesa wa mpwa wangu alifika mbio, akaanza kushukuru. Mzee akainua kidole.

“Bado nasema matokeo yako si sahihi. Tutabishana Jumatatu.”

Harusini tulikuta pilau limekwisha. Na hiyo Jumatatu, mpwa wangu ananiambia, walibishana kutwa nzima, naye akiingia na kutoka kuchukua sampuli zake kwenye friza ya mpinzani, na kila mara mzee akimshikia mlango.