Ushuhuda Uliotoa Moshi

Jamani, leo kijana wangu ameniaibisha mbele ya kina mama wa maombi!

Mnamjua Brian wangu, fundi wa simu hapa Umoja. Mwezi mzima hajagusa sigara, anavuta vepu tu, ile sigara ya umeme ya kuchaji, inanukia stroberi. Kanisa zima nimelitangazia!

Kwa hivyo kina mama wakaja kwangu kushukuru. Tukaimba, nikaita kwa sauti, "Brian, njoo utoe ushuhuda!"

Chumbani hayumo.

Tukapanda wote juu ya ghorofa kumtafuta, kwenye kamba za nguo. Nyuma ya shuka langu la maua, moshi unapaa. Na haukunukia stroberi.

Brian akajitetea, "Mathe, vepu imeisha chaji! Nani aliichomoa kwa soketi?"

Wueh.

Ni mimi. Nilitaka simu yangu ijae chaji, niwapige picha za ushuhuda.

Mama Atieno, mmoja wa wale kina mama, akatuangalia, mama na mtoto. "Haya, nani anatubu kwanza?"

Nikapiga magoti palepale kwa simiti. Brian akazima sigara, akapiga magoti kando yangu, anacheka mpaka machozi.

Lakini moja tu kwa mwezi mzima, jamani! Wa kwenu anavuta ngapi?