Jiwe la Mbinguni Kihambani Kwangu

Aibu ninayo, ila nawasimulia. Niliona jiwe jeusi kihambani, katikati ya migomba yangu, nikampigia mwanangu Ndeshi, yuko Dar: "Njoo, limeanguka toka mbinguni!" Redioni walisema mawe hayo yana ganda jeusi na vipunje vya mviringo. Ndeshi, ambaye hata Krismasi hakuja, akaja na mtaalamu wa mawe, Godlisten.

Godlisten akalisugua, kidole kikawa cheusi. Akalipasua. "Shikamoo tena, bibi. Ganda ni masizi, vipunje ni ulezi uliogandia nje. Ndani ni jiwe la mlima wetu tu."

Ndeshi akaangua kicheko. "Mama! Si figa lako la kupikia pombe ya mbege hili?"

"Nililisahau," nikasema. "Tangu baba yako Eliakimu afariki, mbege nimpikie nani?"

Ndeshi akaacha kucheka.