Tamthilia ya wafu wanaorudi nyumbani ilinifanya nigundue Mama hajawahi kuniita jina langu

Jumamosi, saa tisa na nusu mchana. Ndipo ilipoanzia, hapa Buffalo, sebuleni kwetu.

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, huwa nasoma nyuzi zenu kimya kimya, hata like naogopa kubonyeza. Hii nimeitoa kwenye diary yangu kama ilivyo, chumvi sijatia. Kiswahili changu ni cha Kivu, Kongo, kilichopitia shule za Marekani, mnivumilie.

Siku hiyo theluji ilifika kwenye vioo vya magari, jiji likapiga marufuku kuendesha. Baba hakwenda kazini warehouse, Mama hakwenda kwa wazee anaowatunza nursing home. Sote nyumbani mchana! Kwetu hilo hutokea mtu akifa tu.

Mama akachagua series ya Kifaransa. Alisoma Bukavu, Kifaransa ndiyo raha yake. Sisi watoto tunasoma subtitles za English. Donc, yaani basi, yeye anacheka kwanza, sisi tunafuata.

Ila hii haikuwa ya kucheka.

Ni mji mdogo milimani, ukungu kila mahali, muziki wa polepole. Watu waliokufa zamani wanarudi makwao. Hawana damu, hawatishi. Hata hawajui kama walikufa. Mtu anaingia tu, amelowa, ana njaa.

"Wazungu na wafu wao," Baba akasema. "Maiti inafungua frigo bila hodi!"

"Si iko kwake?" Mama akamjibu. "Apige hodi ya nini?"

Mdogo wangu Prince, wa miaka tisa, akauliza, "Are they zombies?"

"Nyamaza. Hapana zombie. Ni watoto ya watu," Mama akamkatiza.

Basi ikafika sehemu msichana mmoja anarudi, anapanda chumbani kwake, anakuta kitandani mtoto mwingine, aliyezaliwa baada ya yeye kufa. Wanaangaliana tu.

Mimi nikaacha kusoma subtitles.

Niwaeleze kwa nini. Nina dada ambaye sikumkuta. Alikufa kwa malaria kwenye kambi ya wakimbizi Burundi, akiwa na miaka minne. Aliitwa Faida. Nilipozaliwa mimi, Bibi, mama yake Baba, alinipakata akasema, "Faida amerudi." Likawa jina langu.

Kwetu ni kawaida, jina la aliyetangulia kupewa anayefuata. Bibi yuko Louisville kwa baba mdogo, ndiko sote tulikofikia kwanza Marekani. Mpaka leo kwenye video call ananiambia, "Weye ulirudiaka kwetu." Nilikuwa nacheka tu.

Siku hiyo sikucheka. Nikauliza, mdomo ukinitangulia:

"Mama, yule Faida angerudi, mimi ningeitwa nani?"

Mama aliinuka akaenda jikoni kuosha sahani ambazo Prince alikuwa ameshaziosha.

"Faida," Baba akasema polepole, "acha kwanza."

Na hapo ndipo kitu kilinichoma. Baba kasema Faida. Bibi husema Faida. Mama je?

Nikaanza kutafuta kichwani. Mama huniita "maman", yaani mama, kama kwetu wanavyowabembeleza mabinti. Huniita "weye". "Mukubwa." "Dada ya Prince." Kwa daktari, jina nalitaja mimi. Tulipokaa Columbus, kabla ya kuja huku, jirani yetu Mkenya alimuuliza, "Huyu msichana wako anaitwa nani?" Mama akasema, "Mwulize, ana mdomo." Nilidhani ananifundisha kuacha aibu.

Wakuu, nilitafuta mpaka kichwa kikauma. Sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwa mama yangu.

Jioni nilizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza charger. Nakaa, nasimama, nafungua frigo, nafunga. Mwishowe nikamfuata Baba nje akitoa theluji kwa sepetu.

"Baba, Mama hapendi jina langu?"

"Si yeye alikupatia. Ni mama yangu. Mama yako alinyamaza tu. Mutoto wake alikuwa hajamaliza hata mwaka mu udongo."

"Sasa mimi ni nani kwake?"

"Hiyo uulize yeye. Mimi niko dereva wa hii nyumba, siko pasta."

Nililala vibaya. Mama kazini hufunga macho ya wazee wa watu wakifa, bila kutetemeka, halafu jina moja linamshinda.

Sipingi mila, jamani. Jina la marehemu ni heshima. Ila nimejifunza kwamba mtoto anayepewa jina hilo anapewa pia kilio ambacho hakukianza, na wakati mwingine mama mtu hakuulizwa kama yuko tayari. Wenzangu mlio na majina ya waliotangulia, nyumbani wanawaitaje? Andikeni hapo chini. Nitasoma yote, hata kama nitaona aibu kujibu.

Asubuhi yake, Jumapili, nilifanya hivi.

Kanisa lilikuwa limefungwa kwa theluji. Mama alikuwa jikoni anakanda unga wa beignets, maandazi ya kwetu, akidhani bado nimelala. Nikavaa buti, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba, theluji magotini. Nilijua naweza kumuumiza. Karibu nirudi.

Nikafika mlango wa mbele. Nikapiga hodi.

"Ni nani?"

"Ni Faida."

Nikasikia sandals zake zikija, zikasimama nyuma ya mlango.

"Faida gani?" Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia.

"Wa pili, Mama. Mwenye hajakufa. Mimi sikurudi kutoka popote. Nilikuja tu."

Mlango haukufunguka haraka. Ulipofunguka, Mama alikuwa na unga mpaka viwikoni na uso umelowa. Akaniangalia, akaniangalia.

"Faida," akasema, taratibu, kama mtu anayeonja mboga kama chumvi imekolea.

Kisha akavuta pumzi na kusema kwa sauti ya kila siku:

"Bon. Faida, toa viatu! Unanichafulia carpet!"

Nikatoa viatu.