Vitambaa vya Spika

Zile spika mbili zilipoletwa kutoka Kerege, ndefu mpaka kifuani kwangu, mke wangu alizitazama akauliza, "Hawa wageni watalala wapi?"

Mzee niliyemtunzia nyumba huko ndiye aliyeniachia alipohama. Ni spika za watu wanaosikiliza muziki wakiwa wamekaa. Nikaona zimempata mwenyewe, maana mimi kutoka nje ya geti ni safari, na kwenda Kiwangwa kununua mananasi ni kuagana kabisa.

Mke wangu akatoa sharti. Marehemu baba yake alikuwa msomaji wa kasida, na sauti yake imebaki kwenye kanda moja tu, iliyorekodiwa kwenye maulidi Makurunge. Katika redio zetu zote kanda ile ilitoa dufu na vigelegele tu. Baba mkwe mwenyewe kafunikwa humo chini. "Nikimsikia baba, zitakaa," alisema. "Nisipomsikia, nazigeuza banda la kuku."

Amplifaya yangu ya zamani ilizisukuma kidogo, ikachemka, ikajizima. Jirani yangu, aliyestaafu kupiga muziki wa harusi, alicheka mpaka akashika mlango. "Umemfunga punda avute lori, bwana! Hizi ni za omu nne, zinanyonya umeme. Zinataka amplifaya yenye kifua."

Akaniazima yake, nzito kama gunia la mihogo. Haikuchemka. Lakini sauti ilitoka imezibwa, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Tukaweka kanda: dufu tupu. Mke wangu akaenda jikoni.

Tukabadilisha nyaya. Tukazisogeza spika mbali na ukuta.

"Besi si hiyo?" jirani akauliza.

"Besi ipo. Mtu hayupo."

"Shemeji!" akapaza sauti kuelekea jikoni. "Masikio ya mumeo yamesomea wapi?"

"Sekondari. Yalifika kidato cha nne, yakachoka."

Alhamisi alifua vitambaa vya sebuleni, kama kawaida yake kabla ya Ijumaa. Kwetu hakuna chombo cha heshima kinachokaa uchi: kochi lina kitambaa, televisheni ina kitambaa, na spika alizifumia vyake tangu wiki ya kwanza, vizito, vikishuka mbele mpaka chini. Nami nilivisifia sana. Vikiwa bado kwenye kamba, nikawasha kanda kujaribu waya mwingine.

Baba mkwe akakohoa.

Akavuta pumzi, akaanza. Dufu likarudi nyuma yake, mahali pake. Mke wangu akatokea na povu mikononi. "Huyo! Lazima asafishe koo kwanza. Tulikuwa tukimcheka!" Akakaa mkekani, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudia."

Tuliporudia, akageuka kuzitazama spika zilivyo tupu. "Kumbe vitambaa vyangu ndivyo vilivyomfunika baba?"

"Na mimi ndiye niliyevisifia."

Akacheka huku akijifuta macho kwa kiwiko. Kimoyomoyo nikamshukuru mzee wa Kerege, nikamshukuru jirani na amplifaya yake, na zaidi nikaishukuru sabuni ya unga.

Vitambaa vilipokauka alitafuta pa kuvitandika, akaielekea amplifaya. Nikaruka. "Mama watoto, hiyo lazima ipumue!" Akanitazama vile baba yake alivyokuwa akinitazama.

Sasa vimetandikwa kwenye kochi langu, vyote viwili, na hairuhusiwi kuvikalia. Mimi nimehamia mkekani, karibu naye, na tukimaliza kanda nainuka mwenyewe kurudia.